Hakuna viza, lakini jaza fomu: yaliyomkuta Mama akielekea Shelisheli

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana. Leo siandiki juu ya lugha za programu wala simu mpya. Naandika juu ya fomu. Ndiyo, fomu ya mtandaoni, ile yenye visanduku na kitufe cha "Tuma". Ukidhani ni jambo dogo, subiri nikusimulie jinsi tarehe moja iliyogeuzwa ilivyotaka kumwacha mama yangu uwanja wa ndege.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2024 alitimiza miaka 60, akastaafu. Sisi watoto tukachanga pesa tumpe zawadi ambayo hangejinunulia mwenyewe: wiki moja Shelisheli, mimi nikiwa msindikizaji. Alipolisikia jina akacheka, akauliza kama tunampeleka kula mashelisheli. Kwetu Waswahili nchi na tunda ni jina moja, na kweli tunda hilo limejaa visiwani humo.

Kwa nini Shelisheli? Kwanza ni karibu, ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huchukua kama saa tatu. Pili, na hii ndiyo sababu iliyonivutia mimi, kila mtu aliniambia: "Shelisheli hakuna viza." Mkenya akisikia maneno hayo moyo wake hutulia. Tumezoea kubeba taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, hati ya shamba, halafu unahojiwa dirishani kama mshukiwa.

Na si uvumi. Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Umoja wa Afrika hutoa ripoti inayopima jinsi nchi za bara hili zinavyowafungulia Waafrika wenzao mlango. Katika ripoti ya mwaka 2024, ni nchi nne tu zilizokuwa hazidai viza kwa Mwafrika yeyote: Benin, Gambia, Rwanda na Shelisheli. Nne kati ya 54. Kwa hiyo kabla sijalalamika, naomba nimpe mwenyeji haki yake. Shelisheli ilikuwa imefungua mlango huo miaka mingi kabla ya wengine kuanza kutoa hotuba.

UNACHOTAKIWA KUWA NACHO

Sasa, "hakuna viza" maana yake ni nini hasa? Haya ndiyo tuliyotakiwa kuwa nayo:

1. Pasipoti ambayo muda wake hautaisha kabla hujarudi nyumbani.
2. Tiketi ya kurudi, au ya kuendelea kwenda nchi nyingine.
3. Uthibitisho wa mahali utakapolala.
4. Pesa za kukutosha muda wote utakaokaa.
5. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya iko katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.
6. Idhini ya kusafiri, inayoombwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege, kwa ada ya kuanzia euro 10.

Ukifika na haya yote, afisa wa uhamiaji anakupa kibali cha mgeni bila malipo. Kinaweza kufika miezi mitatu.

Hapo kwenye chanjo nisimame kidogo, maana wengi huikumbuka usiku wa kuamkia safari. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, umejisumbua bure. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa maisha yote, hata kama kile kijitabu chako cha manjano kimeandikwa miaka 10. Usiruhusu mtu akuchome tena kwa sababu hajui.

Namba moja hadi tano sina ugomvi nazo. Ni mambo ambayo mwenyeji yeyote angeuliza: umetoka wapi, utalala wapi, utarudi lini, u mzima? Ugomvi wangu uko kwa namba sita.

KIRAKA KILICHOGEUKA UKUTA

Idhini hii ilizaliwa mwaka 2020, wakati wa korona. Visiwa vinavyotegemea utalii vilikuwa vimefunga milango, na ili kuifungua tena ilibidi serikali ijue nani anakuja na kama amepimwa. Fomu ikatengenezwa. Ilikuwa na maana kabisa wakati ule. Korona ikapita, vipimo vikaondolewa, maswali ya afya yakapunguzwa. Fomu ikabaki, na ada ikabaki.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri mno. Unaandika mistari mitano ya msimbo usiku wa manane kuokoa mfumo usianguke. Unaweka maelezo: "Ya muda tu, nitaiondoa kesho." Miaka minne baadaye mistari ile ingali pale, na nusu ya mfumo imeshaiegemea. Hakuna anayethubutu kuigusa. Tofauti ni kwamba kiraka changu hakimtozi mtu euro 10.

Mama alipoisikia habari ya fomu akauliza swali la mwalimu: "Mwanangu, ulisema hakuna viza. Sasa hii tunaomba nini?" Nikamwambia ni idhini tu, si viza. Akanyamaza, lakini kwa ule unyamavu wa mwalimu aliyesikia jibu lisilo sahihi na anakusubiri ulirekebishe mwenyewe.

DALALI WA MTANDAONI

Yangu niliijaza mwenyewe kwa simu. Nilipiga picha ukurasa wa pasipoti, nikaweka namba ya ndege na mahali pa kulala, nikalipa kwa kadi. Haikunichukua hata dakika 20. Kusema kweli ni mfumo uliotengenezwa vizuri kuliko mingi niliyoiona.

Ya Mama ilijazwa na dada yangu, ambaye alitaka kunipunguzia kazi. Akatafuta kwenye intaneti, akabonyeza kiungo cha kwanza kabisa. Ukurasa ulikuwa na picha ya ufuo, bendera ya nchi, na maneno yenye sauti ya serikali. Akajaza kila kitu. Akalipa karibu euro 60, akadhani ndiyo bei.

Hakuwa serikalini. Alikuwa kwa dalali. Tovuti za namna hii ni nyingi, na hazihusu nchi moja tu. Hununua nafasi ya juu kwenye matokeo ya utafutaji, hukusanya habari zako, halafu mtu fulani huzinakili kwenye fomu halisi. Unalipa mara sita ya bei ili mtu usiyemjua akuandikie jina lako, na pasipoti yako ibaki kwenye seva yake.

Utasema dada yangu ni mzembe. Mimi nasema hapana. Fomu rasmi niliyoitumia mimi ilikuwa kwenye kikoa kinachoishia na .com. Haikuwa chini ya gov.sc, kikoa cha serikali ya nchi hiyo. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kununua jina la .com leo hii. Kikoa cha go.ke hapa kwetu hakiuzwi kwa kila mtu, hupewa taasisi za serikali pekee, kwa hiyo mwananchi ana alama moja rahisi ya kumwongoza. Ukimnyima alama hiyo, halafu ukamlaumu kwa kupotea, umemwonea. Mlango wa nchi hauwekwi kwenye uchochoro ambao kila tapeli anaweza kuchonga mlango unaofanana nao.

TAREHE ILIYOGEUKA

Mama amezaliwa tarehe 4 mwezi wa 3, mwaka 1964. Dada aliandika 04/03/1964, kama tunavyoandika sote. Fomu ya dalali ilikuwa ya mtindo wa Kimarekani, mwezi hutangulia. Ikasoma tarehe 3 Aprili. Hakuna aliyeona.

Hapa nawaomba mnivumilie nifundishe kidogo, maana ni kitu kizuri. Fungua pasipoti yako, ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na alama za ajabu ajabu. Kila mstari una nafasi 44. Hiyo ni sehemu ya kusomwa na mashine, na mpangilio wake umewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Waraka 9303. Pasipoti zote za dunia hufuata mpangilio huo.

Kwenye mstari wa pili tarehe ya kuzaliwa huandikwa mwaka, mwezi, siku. Ya Mama ni 640304. Mara tu baada yake kuna tarakimu moja ya ukaguzi. Hupatikana hivi: unazidisha kila tarakimu kwa 7, 3, 1, halafu tena 7, 3, 1. Unajumlisha, unagawanya kwa 10, na kile kinachobaki ndicho jibu. Kwa Mama: 42 + 12 + 0 + 21 + 0 + 4 = 79. Kinachobaki ni 9. Sasa geuza siku na mwezi iwe 640403: 42 + 12 + 0 + 28 + 0 + 3 = 85. Kinachobaki ni 5.

Umeona? Tisa si tano. Hesabu ya darasa la nne ingetosha kulipata kosa lile papo hapo, kabla ya pesa kutoka. Mwandishi wa fomu ya dalali hakujisumbua. Kwa nini ajisumbue? Yeye analipwa ukibonyeza kitufe, si ukifika safari.

KAUNTANI

Agosti 2024, saa tatu kabla ya ndege kuondoka, tuko kwenye foleni uwanja wa Jomo Kenyatta. Mama amevaa gauni jipya. Mikononi ana mkoba wenye karatasi zote, zimepangwa kwa klipu kama mitihani ya watoto wake. Yangu ikapita. Ya Mama, binti wa kaunta akaangalia skrini, akaangalia pasipoti, akaangalia skrini tena.

"Mama, idhini yako haijakamilika. Maelezo hayalingani na pasipoti."

Ujumbe wa kutaka marekebisho ulikuwa umetumwa kwa baruapepe ya dalali. Dalali hakutuambia kitu.

Ninyi mnaofikiri mpaka wa Shelisheli uko Mahé, kisiwa unapotua, fikirini tena. Mpaka ulikuwa pale kaunta ya Nairobi, na mlinzi wake alikuwa mfanyakazi wa shirika la ndege ambaye hana mamlaka ya kukusikiliza. Shirika likimbeba abiria asiye na hati kamili, gharama ya kumrudisha huliangukia lenyewe. Kwa hiyo yule binti hakuwa mkatili. Alikuwa anafuata skrini. Na skrini ilikuwa inafuata kisanduku. Na kisanduku kiliandikwa na mtu kama mimi.

Niliketi sakafuni na simu, nikajaza upya kwenye fomu rasmi, nikalipa nyongeza ili ijibiwe haraka. Mama alisimama kando yangu. Hakulaumu, hakulia. Alikuwa anaombea chini kwa chini. Watu wakawa wanatupita na masanduku yao. Sijawahi kuchukia duara linalozunguka kwenye skrini kama siku ile. Jibu lilikuja kaunta ikiwa imebakiza dakika chache kufungwa.

Tulipokaa kwenye viti vya ndege, ndipo Mama akarudi kwenye swali lake. "Unaomba, unalipa, na wanaweza kukukatalia. Mwanangu, hiyo si viza?"

Nikarekebisha jibu langu. Nikasema, "Ni viza, Mama."

NA SISI JE?

Msije mkadhani nawasengenya Washelisheli. Sisi Wakenya tulifanya hivyo hivyo, na kwa kelele zaidi. Tarehe 12 Desemba 2023, siku ya Jamhuri, Rais Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuja Kenya. Dunia ikapiga makofi. Halafu tukaleta idhini ya kielektroniki, dola 30, ombi kabla ya safari. Raia wa nchi kama Malawi na Zambia, waliokuwa wakija kwetu bila viza na bila kulipa senti, wakajikuta wanajaza fomu na kutoa dola. Tuliondoa viza kwa kuwawekea viza watu ambao hawakuwa nayo.

Marekani ndio walimu wa mchezo huu. Tangu Januari 2009 raia wa nchi "zisizohitaji viza" huomba idhini mtandaoni kabla ya kupanda ndege kwenda huko, na wanaambiwa hiyo si viza. Jina limebadilika, foleni imehamia kwenye simu.

Lakini Kenya pia imeonyesha kwamba kiraka kinaweza kuondolewa. Julai 2025 raia wa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, waliondolewa sharti la kuomba idhini hiyo. Usalama wa nchi haukuanguka. Kwa hiyo anayesema haiwezekani, mwonyesheni mfano huo.

MAONI YANGU

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Shelisheli ni visiwa vyenye watu kama laki moja na ushee. Nchi ndogo namna hiyo ina haki ya kujua nani anaingia. Majina yakifika mapema, polisi na maafisa wa afya hupata nafasi ya kuyaangalia kwa utulivu. Foleni ya uwanjani hupungua. Na euro 10 ni ile ile kwa Mjerumani na kwa Mkenya, jambo ambalo balozi nyingi haziwezi kujivunia. Ninakubali yote.

Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na sisi tuna desturi ya hodi. Ukifika kwa mtu unapiga hodi, unasema jina lako, unakaribishwa. Hodi ni kutoa habari. Hakuna nyumba inayotoza hodi. Siku unapolazimika kulipa ili hodi yako isikike, hiyo imekuwa tiketi ya mlangoni, na mwenye nyumba awe na ujasiri wa kuiita hivyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa serikali zote zenye fomu kama hizi, yetu ikiwemo:

Kwanza, iitwe kwa jina lake. Kama idhini inaweza kukataliwa na inalipiwa, msiandike "hakuna viza" kwa herufi kubwa na fomu kwa herufi ndogo. Orodha yote iwe ukurasa mmoja, juu kabisa, pamoja na zile siku 10 za chanjo.

Pili, fomu ikae kwenye kikoa cha serikali. Mkandarasi yeyote atakayeijenga, anwani iwe ya nchi. Hii haigharimu kitu, na ingewanyima madalali nusu ya biashara yao.

Tatu, pasipoti isomwe na mashine, mtu asiulizwe. Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki mwaka 2017, ina chipu ndani yenye jina, tarehe na picha. Kumwambia mtu aandike upya kwa mkono kitu ambacho kimo ndani ya chipu ni kumwalika akosee. Na fomu ikikubali tarehe, ipige ile hesabu ya 7, 3, 1. Ni mistari kumi ya msimbo. Nimeihesabu.

Nne, kwa Mwafrika iwe bure. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu watu kusafiri huru ilipitishwa Addis Ababa Januari 2018. Inahitaji nchi 15 ziidhinishe ndipo ianze kazi, na ni chache mno zilizofanya hivyo. Kama tunangoja marais, tutazeeka. Kufuta ada kwenye fomu hakuhitaji mkutano wa marais. Kunahitaji waziri mmoja na mtu mmoja wa programu.

Na kwetu sisi tunaoandika mifumo, nina neno moja. Zamani mpaka ulilindwa na askari mwenye bunduki, na angalau ungeweza kumsalimia. Leo mpaka ni kisanduku ulichokiandika Ijumaa jioni ukiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Kabla hujakisambaza, mfikirie mama wa mtu amesimama kauntani na gauni jipya.

Safari yenyewe? Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mama aliona kobe mkubwa mwenye umri kumzidi, akatembea sokoni Victoria, akala shelisheli la kukaanga akasema la pwani yetu ni tamu zaidi. Wenyeji walitupokea kwa upole ambao hakuna fomu inayoweza kuuandika. Ningerudi kesho. Ila fomu ya Mama nitaijaza mimi mwenyewe.

Je, wewe umewahi kukwama kwa sababu ya kisanduku? Nisimulie. Na kama unasafiri hivi karibuni, angalia anwani mara mbili kabla hujatoa namba ya kadi.

Haya, tuonane wiki ijayo, tukijaliwa.